Kujizuia kupiga kura katika vikao vya serikali za mitaa

Kujizuia kupiga kura ni hatua ya mjumbe aliyehudhuria kikao na mwenye haki ya kupiga kura kutosema "ndiyo" wala "hapana" wakati hoja inapoamuliwa. Kupisha zamu ni jambo jingine: mjumbe anayeitwa jina lake wakati wa kupiga kura huomba arukwe kwanza, kisha aitwe tena baada ya wenzake kujibu. Mambo haya mawili hutokea mara kwa mara katika mabaraza ya madiwani, bodi za shule, bodi za miji na kamati za matumizi ya ardhi katika nchi nyingi.

Watu wengi hudhani kwamba mjumbe aliyejizuia hana athari yoyote katika matokeo. Dhana hiyo ni kweli wakati mwingine, na wakati mwingine si kweli. Katika bodi yenye wajumbe watano au saba, ukimya wa mtu mmoja unaweza kuamua kama mkandarasi atapewa kazi, kama bajeti ya shule itapita, au kama mkazi atapata kibali cha kujenga. Jibu linategemea swali moja: sheria inayoongoza kikao inataka wingi wa nani? Je, ni wingi wa waliopiga kura, wa waliohudhuria, au wa wajumbe wote wa bodi?

Maana ya maneno

Katika Kiswahili neno "kupita" hutumika kwa hoja iliyokubaliwa, kwa mfano "hoja imepita kwa kura nne". Kwa hiyo ni vizuri kutolitumia kwa mjumbe anayeomba kurukwa, kwa sababu msomaji wa kumbukumbu za kikao anaweza kuchanganyikiwa. Makala hii inatumia "kupisha zamu".

Hali nne zinapaswa kutofautishwa:

- Kutokuwepo: mjumbe hakufika kikaoni, au aliondoka kabla ya kura. Hahesabiwi miongoni mwa waliohudhuria.
- Kujizuia: mjumbe yupo kikaoni, lakini hapigi kura. Anahesabiwa miongoni mwa waliohudhuria.
- Kupisha zamu: mjumbe yupo, na bado hajaamua au hataki kutangulia kujibu. Hajapiga kura na hajajizuia. Zamu yake imeahirishwa tu.
- Kujitoa kwa sababu ya maslahi: mjumbe hapigi kura kwa kuwa jambo linalojadiliwa linamgusa yeye mwenyewe, mali yake au jamaa yake. Hapa mara nyingi si hiari yake, bali ni amri ya sheria.

Akidi huja kwanza

Akidi ni idadi ndogo kabisa ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali. Akidi na wingi wa kura ni vipimo viwili tofauti. Akidi huuliza, "Je, tuko wa kutosha kuamua?" Wingi wa kura huuliza, "Je, tumeamua nini?"

Kwa kawaida mjumbe anayejizuia huhesabiwa katika akidi, kwa sababu yupo. Mjumbe anayetaka kuvunja akidi hana budi kutoka nje ya ukumbi. Ndiyo maana kundi la wachache wakati mwingine husimama na kuondoka badala ya kujizuia wakiwa wameketi: kuondoka kunaweza kuzuia uamuzi usifanyike kabisa, lakini kujizuia hakuwezi kuvunja akidi.

Misingi mitatu ya kuhesabu

Wingi wa kura zilizopigwa

Huu ndio msingi wa kawaida zaidi. Kura za "ndiyo" na "hapana" ndizo pekee zinazohesabiwa, na upande wenye kura nyingi hushinda. Aliyejizuia anawekwa pembeni kana kwamba hakuwepo. Kwa msingi huu hoja inaweza kupita kwa kura moja dhidi ya sifuri, mradi akidi imetimia.

Wingi wa waliohudhuria

Hapa kinachogawanywa ni idadi ya watu waliomo kikaoni. Aliyejizuia amo katika idadi hiyo, lakini hakuongeza kura ya "ndiyo". Kwa hiyo kujizuia kwake kuna nguvu ileile ya kura ya "hapana".

Wingi wa wajumbe wote

Kwa msingi huu idadi inayotakiwa haibadiliki, hata wajumbe waliofika wakiwa wachache. Aliyejizuia, asiyekuwepo na hata kiti kilicho wazi, vyote vina athari ileile ya kura ya "hapana". Wingi wa aina hii huitwa pia wingi kamili.

Mfano wa hesabu

Bodi ina wajumbe 7. Wamefika 6. Kura tatu ni za "ndiyo", mbili ni za "hapana", na mjumbe mmoja amejizuia.

- Kwa wingi wa kura zilizopigwa: kura ni 5, zinahitajika 3. Hoja imepita.
- Kwa wingi wa waliohudhuria: wapo 6, zinahitajika 4. Hoja imeshindwa.
- Kwa wingi wa wajumbe wote: wapo 7 katika orodha, zinahitajika 4. Hoja imeshindwa.

Sasa bodi hiyohiyo iwe na wajumbe 5 kikaoni. Watatu wanasema "ndiyo", mmoja "hapana", mmoja amejizuia. Kwa msingi wa kwanza kura zilizopigwa ni 4, zinahitajika 3, hoja imepita. Kwa msingi wa pili wapo 5, zinahitajika 3, hoja imepita pia. Kwa msingi wa tatu bado zinahitajika 4, na hoja imeshindwa ingawa aliyeipinga kwa kauli yake ni mtu mmoja tu.

Kosa la kawaida katika hesabu hizi ni kusema kwamba wingi ni "nusu ongeza moja". Kwa idadi shufwa kanuni hiyo inatoa jibu sahihi: nusu ya 6 ni 3, ukiongeza moja unapata 4. Kwa idadi witiri inapotosha: nusu ya 7 ni 3.5, ukiongeza moja unapata 4.5, na wengine huikuza kuwa 5. Maana sahihi ya wingi ni "zaidi ya nusu", na kwa 7 idadi hiyo ni 4.

Kupisha zamu wakati wa kuitwa majina

Kupisha zamu kuna maana pale tu ambapo kura hupigwa kwa kuita majina. Katibu husoma orodha, kila mjumbe hujibu, na jibu huandikwa. Mjumbe anayepisha huitwa tena mwishoni, kabla ya matokeo kutangazwa.

Sababu za kupisha ni nyingi. Mjumbe anaweza kuwa hajaelewa hoja vizuri, au anataka muda mfupi wa kufikiri. Wapo pia wanaopisha ili wasikie kwanza wenzao wamejibu nini, kwa kuwa anayejibu mwisho hujua kama kura yake itabadili matokeo. Kwa sababu hiyo mabaraza mengine yameweka kanuni kwamba mjumbe anaweza kupisha mara moja tu katika kura moja.

Mjumbe aliyeitwa mara ya pili na bado asijibu kwa kawaida huandikwa kuwa amejizuia. Hata hivyo, baadhi ya mabaraza ya miji nchini Marekani yana kanuni kwamba mjumbe aliye kikaoni asiyejibu huhesabiwa kuwa amesema "ndiyo", isipokuwa kama ametaja sababu ya kisheria ya kutopiga kura. Kosa ambalo katibu hapaswi kulifanya ni kufunga hesabu huku zamu iliyopishwa ikiwa haijarudiwa.

Historia

Kesi ya Nottingham, 1760

Swali la maana ya ukimya lilifika mapema katika mahakama za Uingereza. Mjini Nottingham kulikuwa na kikao cha kumchagua karani wa mji. Wapiga kura waliohudhuria walikuwa 21. Tisa walimpigia kura mgombea mmoja, na 12 hawakupiga kura. Je, mtu aliyepata kura 9 katika mkutano wa watu 21 amechaguliwa? Mwaka 1760 mahakama iliyoongozwa na Lord Mansfield iliamua kwamba amechaguliwa. Hoja ya jaji ilikuwa kwamba wapiga kura waliohudhuria na kukataa kupiga kura wanachukuliwa kuwa wameridhia uamuzi wa wale waliopiga. Kama walimpinga mgombea, njia yao ilikuwa kumpigia kura mtu mwingine.

Kesi ya Rushville, 1889

Kanuni hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1889 Mahakama Kuu ya jimbo la Indiana, Marekani, iliamua kesi ya mji wa Rushville. Baraza lilikuwa na madiwani sita na wote walikuwepo. Watatu walikubali azimio, na watatu walikataa kupiga kura. Mahakama ilisema azimio limepita kihalali: akidi ilikuwepo, na waliokaa kimya hawawezi kuzuia kazi ya baraza kwa ukimya wao.

Spika Reed na akidi inayotoweka

Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kulikuwa na desturi tofauti. Mwakilishi aliyeketi ukumbini bila kujibu jina lake alihesabiwa kuwa hayupo. Chama cha wachache kilitumia desturi hiyo kuvunja akidi huku wawakilishi wake wakiwa wameketi vitini. Mnamo Januari 1890 Spika Thomas Brackett Reed alimwagiza karani aandike majina ya waliopo wasiopiga kura na kuwahesabu katika akidi. Palizuka ghasia ukumbini, lakini Spika hakurudi nyuma.

Jambo hilo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi iitwayo United States v. Ballin, iliyoamuliwa mwaka 1892. Katika kura iliyobishaniwa, wawakilishi 138 walisema "ndiyo", hakuna aliyesema "hapana", na karani aliandika wengine 74 kuwa walikuwepo bila kupiga kura. Jumla yao ilikuwa 212, nayo akidi ilikuwa 166. Mahakama ilikubali hesabu hiyo. Ingawa kesi ilihusu bunge la taifa, hoja yake imetumika mara nyingi kueleza kanuni ya mabaraza madogo: aliyepo yupo, na wingi wa waliopiga kura unatosha, isipokuwa sheria iseme vingine.

Kanuni katika nchi mbalimbali

Marekani

Bodi nyingi za Marekani hufuata kitabu Robert's Rules of Order cha Henry Martyn Robert, ofisa wa jeshi aliyekichapisha mara ya kwanza mwaka 1876. Kwa kanuni zake za kawaida, wingi huhesabiwa kutokana na kura zilizopigwa, na waliojizuia hawahesabiwi. Mjumbe hawezi kulazimishwa kupiga kura. Kitabu hicho pia kinamruhusu mjumbe kupisha zamu wakati wa kuitwa majina.

Lakini kitabu hicho ni kanuni ya mwongozo tu. Sheria ya jimbo ikisema vingine, sheria ndiyo inayofuatwa. Hapo ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu mwenyekiti anayejua kitabu anaweza asijue sheria.

Jimbo la New York ni mfano mzuri. Sheria yake ya tafsiri ya jumla, kifungu cha 41, inataka uamuzi wa bodi ya umma ufanywe na wingi wa idadi kamili ya wajumbe. Sheria inafafanua idadi kamili kuwa ni ile ambayo bodi ingekuwa nayo kama pasingekuwa na kiti kilicho wazi wala mjumbe aliyezuiwa kushiriki. Kwa hiyo bodi ya watu watano inahitaji kura tatu za "ndiyo" daima. Wakiwepo watatu tu, wawili wakakubali na mmoja akajizuia, hoja imeshindwa kwa kura mbili dhidi ya sifuri. Vivyo hivyo, wajumbe wawili wakijitoa kwa sababu ya maslahi, watatu waliobaki lazima wakubaliane wote.

Florida imechukua njia nyingine. Sheria yake inamtaka kila mjumbe wa chombo cha umma aliyepo kikaoni apige kura. Haruhusiwi kujizuia isipokuwa pale penye mgongano wa maslahi. Diwani mwenye maslahi binafsi ya kifedha anatakiwa kuyataja kabla ya kura, kutopiga kura, na kuwasilisha maelezo ya maandishi ndani ya siku 15.

Uingereza

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1972, inayotumika Uingereza na Wales, inasema maswali katika baraza huamuliwa kwa wingi wa wajumbe waliopo na wanaopiga kura. Maneno "na wanaopiga kura" ndiyo yanayowaondoa waliojizuia katika hesabu. Kura zikilingana, mwenyekiti wa kikao ana kura ya pili, yaani kura ya uamuzi. Hivyo diwani anayejizuia katika baraza lililogawanyika katikati anaweza, bila kukusudia, kumwachia mwenyekiti uamuzi wote.

Kenya

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatumia misingi yote miwili. Kifungu cha 122 kinasema maswali ya kawaida katika Bunge huamuliwa kwa wingi wa wabunge waliopo na wanaopiga kura. Spika hana kura, na kura zikilingana hoja imeshindwa. Lakini katika Seneti, miswada inayohusu kaunti hupigiwa kura na wajumbe wa kaunti, kila kaunti ikiwa na kura moja, na hupita tu ikiungwa mkono na wingi wa kaunti zote. Kaunti ni 47, kwa hiyo zinahitajika kura 24. Kaunti isiyopiga kura inaongeza ugumu sawasawa na kaunti iliyopinga.

Katika kaunti zenyewe, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka hoja ya kumwondoa gavana iungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wajumbe wote wa bunge la kaunti. Katika bunge la kaunti lenye wajumbe 60, hizo ni kura 40. Ikiwa 39 watakubali na 21 watajizuia au hawatafika, gavana anabaki madarakani bila mtu hata mmoja kusema "hapana".

Tanzania

Mfano unaojulikana zaidi Tanzania hautoki katika halmashauri bali katika Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014. Katiba inayopendekezwa ilihitaji theluthi mbili ya wajumbe wote kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wote kutoka Zanzibar. Kwa sababu kipimo kilikuwa wajumbe wote, wajumbe waliosusia vikao hawakutoweka katika hesabu. Kila kiti kitupu kilikuwa kura iliyopaswa kupatikana kwingine. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi popote sheria inapotaja "wajumbe wote".

Hoja iliyoshindwa si uamuzi wa kinyume

Kujizuia huleta utata mwingine pale hoja inapokuwa ya kukataa jambo. Tuseme mkazi ameomba kibali, na hoja mezani ni "ombi likataliwe". Kwa sababu ya waliojizuia, hoja hiyo haikupata wingi unaotakiwa. Hii haina maana kwamba ombi limekubaliwa. Maana yake ni kwamba bodi haijaamua. Ili kibali kitolewe lazima pawe na hoja ya kukubali, nayo ipate wingi wake.

Sheria nyingine hueleza nini kitokee bodi ikishindwa kuamua. Kwa mfano, katika bodi za rufaa za matumizi ya ardhi za New York, ombi ambalo halikupata wingi ndani ya muda uliowekwa huhesabiwa kuwa limekataliwa. Mkazi wa namna hiyo hushindwa kwa sababu ya ukimya, wala si kwa sababu ya kura nyingi za kumpinga.

Mabishano kuhusu kujizuia

Wanaotetea haki ya kujizuia husema mjumbe asiye na habari za kutosha hafai kulazimishwa kubahatisha, na kwamba kujizuia ni njia ya adabu ya kuonyesha kutoridhika bila kuzuia kazi. Pia kunamlinda mjumbe mwenye maslahi asishukiwe.

Wanaopinga husema mjumbe alichaguliwa ili aamue. Anayejizuia katika mambo magumu anakwepa lawama ya wapiga kura, na pale penye msingi wa wajumbe wote anapinga hoja bila kuandikwa kuwa amepinga. Mwananchi anayesoma kumbukumbu huona "hapana" moja tu na kushangaa kwa nini hoja ilianguka.

Kumbukumbu za kikao

Kwa sababu hizi kumbukumbu zinapaswa kuonyesha majina ya waliokubali, waliopinga, waliojizuia na wasiokuwepo, na kila kundi liandikwe peke yake. Aliyejitoa kwa mgongano wa maslahi aandikwe pamoja na sababu aliyoitaja. Aliyepisha zamu aandikwe kwa jibu lake la mwisho. Mwenyekiti naye, kabla ya kutangaza matokeo, hutaja idadi iliyotakiwa na idadi iliyopatikana. Msomaji akiwa na namba hizo mbili pamoja na maneno ya sheria, anaweza kuhakiki matokeo mwenyewe.